Sanduku la Barafu Lilale Wazi

Hapa Kisinga ni saa saba na dakika kumi mchana, jua limekaa utosini, na kama ilivyo ada yetu tuko pamoja tena katika dakika chache za mambo ya nyumbani. Salamu kwa mlio Kagando, salamu kwa mlio juu huko Kyarumba, salamu kwa Bwera na Mpondwe, na salamu kwa ndugu zetu wa Kasindi, ng'ambo ya mto Lubiriha, ambao najua mnatusikia maana nikikosea jambo ninyi ndio wa kwanza kupiga simu.

Leo nina swali dogo. Lile sanduku lako la barafu, lile la plastiki lenye kifuniko na mpini, lile mnalolibeba mkienda harusini, msibani, safari ya Kampala, lini mara ya mwisho ulilifungua? Siulizi ulilitumia lini. Nauliza ulilifungua lini. Na ulipolifungua, je, ulirudisha uso nyuma?

Kabla hatujaenda mbali tukubaliane jina. Hapa kwetu wengi wanasema kuula. Wenzetu wa Kongo wanasema frigobox. Ukifika Dar es Salaam utawasikia wauza aiskrimu wakitaja deli. Na wapo wanaolifupisha wakasema kula, hadi mgeni akisikia "leteni kula" ananawa mikono na kukaa mkao wa chakula. Mimi leo nitasema sanduku la barafu, tuelewane sote.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, Ijumaa moja, nilipita Katunguru, pale darajani kwenye mfereji wa Kazinga. Nikanunua samaki, ngege wanane na semutundu mmoja mwenye sharubu ndefu kama mzee wa baraza. Nikawalaza kwenye sanduku, juu yao barafu, nikafika nao nyumbani wakiwa wazima kabisa. Tukala, tukashiba. Lile sanduku nikamwaga maji yake mekundu, nikalisuuza mara moja kwa maji ya jerikeni, nikabana kifuniko mpaka kikalia ta! Nikalisukuma chini ya kitanda. Nikajiona mtu nadhifu.

Wiki tatu baadaye jirani yangu alikuwa anapokea wakwe. Watu wa posa wametoka Fort Portal, wamevaa suti, zulia limetandikwa. Akatuma mtoto kwangu: baba anaomba sanduku la barafu. Nikasema chukua tu, liko safi. Mtoto akalibeba kichwani limefungwa vile vile, akalifikisha kwenye hema, na shangazi wa bibi harusi akalifungua pale pale mbele ya wageni ili apange soda. Harufu ilitoka kwanza, soda ikafuata. Mzee mmoja wa upande wa wakwe, mtu mpole sana, alitazama huku na huku kisha akauliza kwa adabu: "Kumbe na samaki wapo?"

Samaki hawakuwapo. Kulikuwa na mbuzi na kuku.

Sasa niambie, kosa lilikuwa la nani? Mimi kwa siku nyingi nililaumu samaki. Nikalaumu na plastiki, nikasema hizi za siku hizi ni za bei rahisi. Nilikosea, na ndiyo sababu nimekuja na habari hii leo. Sanduku halikuharibika njiani kutoka Katunguru. Liliharibika chini ya kitanda changu. Nitalirudia hili mara nyingi, mnivumilie: sanduku la barafu haliozi likiwa kazini. Linaoza likiwa limelala.

Hebu tutazame jambo lenyewe linavyokwenda. Ngege aliyetoka majini asubuhi, ukimnusa, ananuka ziwa, basi. Ile harufu ya kukimbiza watu si yake. Inatengenezwa. Wanaoitengeneza ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, na wanataka vitu vichache tu. Wanataka chakula, na chakula chao ni ule ute, damu, magamba mawili matatu yaliyonasa kwenye kona. Wanataka maji, na matone yamebaki chini. Wanataka joto, na hapa kwetu bondeni joto lipo la bure. Hapo wanakula, wanazaana, na kinachobaki baada ya karamu yao ni gesi za jamii ya amonia. Hiyo ndiyo harufu. Kwa maziwa yaliyomwagika mambo ni yale yale ila mwisho wake ni asidi, ile inayonukisha siagi iliyochacha.

Na sanduku lenyewe limetengenezwaje? Lina kuta mbili, katikati kuna povu gumu, na kifuniko kinachobana. Kazi yake ni kuzuia. Joto la nje lisiingie. Sasa kitu kilichoundwa kizuie joto lisiingie, kitaruhusu unyevu utoke? Hakitaruhusu. Ukilifunga likiwa na maji, umewajengea bakteria nyumba yenye ukuta mara mbili.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo. Sisi watu wa Rwenzori ni watu wa ajabu. Tunaishi karibu kabisa na mstari wa Ikweta, tunatoka jasho sokoni, na juu ya vichwa vyetu, kwenye mita 5,109 pale kilele cha Margherita, kuna barafu. Kiswahili cha pwani barafu ilikikuta kama mgeni. Hata neno lenyewe lilikuja kwa meli, asili yake Uajemi. Lugha yetu ya Lukonzo haikuazima kwa mtu. Inasema nzururu, na jina la Rwenzururu limetoka humo humo. Lakini nani kati yetu amewahi kuteremsha nzururu ikapoze soda? Barafu yetu tunainunua kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kutoka friji ya duka la jirani, siku ambayo umeme haujakatika. Na ile ya mlimani yenyewe inazidi kupungua. Ukitazama picha alizorudi nazo msafara wa Duke wa Abruzzi mwaka 1906, unaona mlima mwingine kabisa. Haya, nimerudi njiani.

Nilijifunza wapi kutunza sanduku? Kwa watu wawili. Wa kwanza ni mhudumu wa chanjo.

Mmewahi kumwona. Anatoka kituo cha afya asubuhi, amepakia kisanduku chake kwenye bodaboda, anapanda milima yetu, mahali pengine anashuka anatembea kwa miguu. Ndani ya kile kisanduku kuna vichupa vya chanjo na vipande vya barafu vilivyofungwa kwenye plastiki yake. Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Zikipata joto zinakufa, zikiganda baadhi yake zinaharibika. Ni kazi ya heshima. Lakini mimi siku moja sikutazama asubuhi. Nilitazama jioni, aliporudi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nangoja dawa yangu. Dada yule alitoa vile vipande vya barafu, akachukua kitambaa kikavu akafuta ndani, akapitisha kidole chenye kitambaa kwenye ukingo wa kifuniko mzunguko mzima, kisha akakiweka kisanduku rafuni kikiwa wazi. Kifuniko kando. Nikamwuliza, "Dada, hukifungi? Vumbi litaingia." Akacheka. Akasema, "Vumbi nitalifuta kesho. Ukungu nitaufuta na nini?"

Nilikuja kujua kwamba hilo si wazo lake peke yake. Shirika la Afya Duniani linawafundisha wahudumu hivyo hivyo: kisanduku cha chanjo kikishatumika kisafishwe, kikaushwe, kihifadhiwe kikiwa wazi, maana kikifungwa na maji ndani kitaota ukungu, na ukungu huharibu ule ukingo unaobana kifuniko.

Sasa pima mwenyewe. Humo hamjaingia samaki. Hamjaingia nyama wala maziwa. Ni vichupa vya glasi tu na barafu iliyofungwa. Kama hicho kinaota ukungu kikifungwa kibichi, langu lililobeba semutundu lingenusurika vipi?

Kuna jambo lingine nililiona kwa yule dada. Kisanduku cha chanjo hakibebi soda. Hata siku ya sikukuu. Hakibebi kitu kingine chochote. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Mwalimu wangu wa pili ni mama mmoja muuza samaki soko la Lubiriha, pale Mpondwe. Mnalijua soko lile siku yake ikifika: Waganda, Wakongo, mahindi, vitenge, kuku waliofungwa miguu, kila mtu anasema lugha tatu na anahesabu pesa za nchi mbili. Mama yule ana masanduku mawili makubwa, moja limefungwa kitambaa chekundu kwenye mpini, jingine kitambaa cheupe. Jekundu la samaki. Jeupe la maji ya kunywa na juisi ya pasheni anayouza kando. Ameuza miaka mingi, na nilipoinamisha pua kwenye lile la samaki, baada ya kazi, sikusikia kitu. Nikamwomba anionyeshe anavyoliosha. Nami leo nawaletea kama nilivyoona.

Nilifika na birika la maji ya moto, nikijua ndiyo usafi. Akanitazama. "Mwanangu, hayo maji ya moto unampikia nani?"

Maana yake nini? Damu na ute wa samaki ni kama ute wa yai. Ukimwagia maji ya moto unaiva, unashika kwenye plastiki, na hapo utasugua mpaka Jumapili. Anaanza na maji ya baridi. Anamimina, anatikisa, anamwaga, mara mbili. Halafu ndipo maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida ya vyombo, na kitambaa au sponji laini. Steeluwuli hataki kuiona. Kwa nini? Kwa sababu inachora plastiki mistari midogo midogo, na kila mstari ni mfereji wa kulaza uchafu wa kesho.

Kisha akatoa mswaki wa zamani. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba nilipokuwa nikiliosha sanduku kwa namna yangu, nilikuwa naosha uwanja na kuacha vichochoro. Aliupitisha mswaki kwenye ukingo wa kifuniko. Akaupitisha kwenye bawaba. Halafu akalilaza sanduku ubavu, akafungua kile kizibo cha chini, kile cha kutolea maji. Ninyi mnakijua? Wengi hatujawahi kukifungua tangu siku ya kununua. Akachokonoa ndani kwa mswaki na ukatoka uzi wa ute wa kijivu, wenye magamba mawili, mrefu kama kidole cha mtoto. Na hili ni sanduku la mtu anayeosha kila siku! Nikafikiria langu.

Baada ya hapo ni suala la harufu yenyewe, na hapa mama aliniambia kitu ambacho hata mwalimu wa kemia angekipigia makofi: kila harufu na dawa yake. Harufu ya samaki, ndimu. Unakata ndimu, unachovya kwenye chumvi ya mawe, unasugua kuta, unaacha dakika kumi, unasuuza. Gesi zile za jamii ya amonia hazipatani na kitu chenye uchachu. Zikikutana na ndimu au siki zinafungwa, haziruki tena kuja puani. Harufu ya maziwa yaliyochacha au bushera iliyomwagika ni kinyume chake. Ile tayari ni asidi, ukiiongezea ndimu hujafanya kitu. Hiyo dawa yake ni bekingi soda, na ukikosa, hata magadi yale ya kulainishia maharage, vijiko viwili vitatu katika maji ya vuguvugu, iache ilale humo usiku mmoja. Samaki, ndimu. Maziwa, soda. Narudia kwa aliyekuwa jikoni: samaki, ndimu, maziwa, soda.

Chumvi yenyewe ni ya Katwe, bila shaka, hatuwezi kununua ya mbali tukiwa na ziwa letu. Ila sanduku lako likiwa na bawaba za chuma, suuza vizuri. Chumvi ya Katwe inakula chuma. Kile kiwanda kikubwa cha chumvi kilichojengwa pale ziwani, mabomba yake yaliliwa na maji hayo hayo ya chumvi, na leo kimebaki magofu.

Na Jik, ile dawa ya klorini? Najua mnaiuliza. Wengi wetu hapa tuna historia na ile harufu. Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka, Bwera na hapa Kisinga tulinawa maji ya klorini kila mlango mpaka mikono ikakauka kama gome. Pale tulijifunza jambo moja la maana: nguvu zinatofautiana. Maji ya kunawa mikono yalikuwa hafifu, ya sakafu na vifaa yalikuwa makali mara kumi. Kwa sanduku la chakula huhitaji ukali. Kijiko kimoja kikubwa cha Jik katika lita 4 au 5 za maji kinatosha, baada ya kuosha kwa sabuni, si kabla. Uchafu ukiwepo Jik inaishia kupigana na uchafu. Pangusa, ngoja dakika chache, suuza kwa maji safi.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Mliosimama, kaeni. Jik na ndimu havichanganywi. Jik na siki havichanganywi. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, gesi ya sumu, inayobana kifua na kuchoma macho, na wewe umeinamisha kichwa ndani ya sanduku! Umetumia ndimu leo? Suuza, na Jik ingoje siku nyingine. Tena hata sabuni zenye amonia usizichanganye na Jik. Nalisema mara ya tatu: Jik haina rafiki isipokuwa maji.

Baada ya haya yote, unadhani mama alifunga kifuniko? Hakufunga. Aliliinamisha sanduku juani, mdomo ukitazama chini kidogo ili maji yachuruzike, kizibo cha chini kikiwa wazi hewa ipite. Likakaa hapo kama saa mbili. Jua linakausha, na mwanga wake mkali una kazi yake kwa bakteria. Halafu akaliingiza ndani, kivulini, maana plastiki ikishinda juani miezi inakauka na kupasuka. Na alipoliweka ndani alifanya kile nilichokuja kukisema leo. Alichukua kijiti, kijiti cha kawaida, unene wa kidole, akakitega kati ya sanduku na kifuniko. Kifuniko kikakaa kimeachama kidogo. Hewa inaingia, hewa inatoka.

Kijiti tu. Mimi nilikuwa naishi bila hicho kijiti.

Baadhi yenu mnaogopa mende. Funika uwazi ule kwa kipande cha chandarua cha zamani. Wengine mtaniuliza habari za makaa: ndiyo, makaa makavu mawili matatu kwenye soksi safi, yaache ndani ya sanduku, yana vitundu vingi vidogo vinavyoshika harufu. Gazeti lililokunjwakunjwa nalo linanyonya unyevu. Kahawa? Sisi ni watu wa kahawa, najua mtaipendekeza, na sitaki ugomvi na wakulima. Ila kwa maoni yangu kahawa inaficha zaidi kuliko inavyoondoa. Unapata sanduku lenye harufu ya samaki aliyekunywa kahawa. Na marashi, jamani, marashi acheni. Nimewahi kuletewa maji yenye ladha ya waridi na kambare kwa pamoja.

Kuna sanduku ambalo halitapona, niwaambie ukweli. Kama ukuta wa ndani una ufa, maji ya samaki yalishaingia kwenye lile povu la katikati, na huko mswaki haufiki wala ndimu haifiki. Utaosha, litakauka, litanukia vizuri siku mbili. Ukilitia kitu chenye joto kidogo harufu inarudi kutoka ukutani. Lifanye la kuwekea zana za shamba. Na yale masanduku meupe mepesi, yale yanayomegeka vipande kama maandazi makavu, hayo yana vinyweleo. Ukishabebea samaki yabaki ya samaki mpaka siku yatakapotupwa.

Hapo ndipo tunarudi kwa dada wa chanjo na mama wa kitambaa chekundu. Sanduku moja, kazi moja. Sisemi kila nyumba inunue mawili, najua bei. Lakini mkiwa ndugu watatu mtaa mmoja na kila mmoja ana lake, kwa nini lisiwe moja la samaki na nyama, na mawili ya vinywaji, mkaazimana? Kitambaa mpini, jambo limekwisha.

Sasa twende upande wa kuzuia, maana kuosha ni kazi na kuzuia ni nusu yake. Harufu nyingi huletwa na maji ya barafu iliyoyeyuka. Barafu ya kwenye kaveera inapasuka, maji yanachanganyika na damu, yanapanda, yanaingia kila kona. Jaribu hivi: chupa za maji za plastiki, zijaze, uache nafasi kidogo juu maana maji yakiganda hupanuka, zigandishe kwa jirani mwenye friji. Ukifika mwisho wa safari barafu imeyeyuka ndani ya chupa yake, sanduku kavu, na maji unayanywa. Nyama na samaki viingie kwenye chombo chenye mfuniko, au kaveera mbili, moja ndani ya nyingine, na vikae chini, si juu ya matunda.

Maji yakishatoka kwenye barafu, tuyamwage au tusiyamwage? Inategemea. Kwa soda za chupa yaache. Maji ya baridi yanaizunguka chupa yote, yanapoza upesi kuliko mabonge yanayogusa hapa na pale. Kwa samaki na nyama, fungua kizibo, yatoke, ongeza barafu. Samaki hataki kulala kwenye maji machafu, anataka kulala kwenye barafu. Wazee mnaokumbuka kiwanda cha samaki cha TUFMAC pale Kasenyi, Ziwa George, mnajua ngege wetu wamezoeana na baridi zamani, hatuanzi leo.

Na kabla hujaondoka nyumbani, poza sanduku lenyewe. Sanduku lililoshinda chumbani chini ya bati lina joto kwenye kuta zake, na barafu ya kwanza utakayoitia itamalizikia kwenye kuta. Tia chupa moja ya barafu usiku, asubuhi panga vitu vyako. Barafu ina nguvu kubwa kuliko tunavyodhani: joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kuyapeleka maji ya kilo hiyo hiyo kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80, karibu yachemke. Ni mali. Usiitumie kupoza plastiki.

Mama mmoja aliwahi kuniuliza, na barafu ya sokoni niitie kwenye glasi? Mama, ilitengenezwa kwa maji gani? Kuganda hakuui kipindupindu, na wilaya yetu ya Kasese imeuguza kipindupindu mara zaidi ya moja. Kama maji hayakuchemshwa, barafu yake ikae nje ya chupa. Isiingie kwenye glasi ya mgeni.

La haraka haraka, maana mtayarishaji wangu ananionyesha saa. Wapo wanaolitumia sanduku hili kwa chakula cha moto: chapati, wali, obundu wa kupeleka shambani. Ni sawa. Sanduku halijui baridi wala moto, linajua kuzuia tu. Lakini chakula kiingie kikiwa cha moto kweli, kwenye sufuria yake iliyofunikwa, na kiliwe mapema. Chakula kikifikia uvuguvugu humo ndani, kimekaa saa tatu nne, umewapikia wale wale bakteria. Na mvuke wa chakula unalowesha kifuniko, kwa hiyo likirudi lifutwe, na tunarudi kule kule: kijiti.

Ndiyo, kijiti. Haliozi likiwa kazini, linaoza likiwa limelala. Basi likilala, lilale wazi.

Yule jirani yangu, mtauliza, ndoa ilifungwa? Ilifungwa. Maharusi wale wana watoto wawili. Ila mpaka leo yule mzee wa Fort Portal tukikutana ananiuliza habari za samaki kabla ya kuniuliza habari za watoto.

Muda wangu umekwisha na simu nitazipokea juma lijalo, nanyi wa Kasindi mjiandae. Mimi nachomoka sasa hivi. Asubuhi niliosha sanduku langu nikaliacha uani mdomo wazi, na kwenye dirisha hili la studio naona wingu linashuka kutoka mlimani upande wa Nyamugasani. Ngoja nikaliingize ndani. Kwaherini.